Kaskazi inapoaga: Mwaka wa mvuvi na historia iliyofichwa katika maneno yake

KATIKA madarasa mengi ya bara niliyoyapitia nikikagua wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha, kuna chati moja ya majira ambayo haikosi ukutani. Kiangazi kimechorewa jua kubwa la manjano. Masika yamechorewa maua. Vuli imepewa mti unaopukutisha majani mekundu, na kipupwe, ati, kimepewa mtoto aliyejifunika kofia ya sufu akichezea theluji.

Theluji! Hebu nionyeshe mji mmoja wa Pwani, kuanzia Kiunga hadi Vanga, ambao umewahi kuona theluji.

Chati hiyo inachora mwaka wa Ulaya kisha inaubandika majina ya Kiswahili. Masika, kwa wenye lugha, ni mvua kubwa inayoanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Mei au Juni. Mombasa utawasikia wengi wakiiita mvua ya mwaka. Vuli ni mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, upepo unapotoka kusini. Kiangazi ni joto kavu la Desemba hadi Machi. Maneno hayo manne yalikuwa na kazi yake kabla ya kuajiriwa kutafsiri majira ya wengine.

Tena hata katika kazi yake ya asili, msamiati huo ni wa mkulima kuliko wa mvuvi. Mkulima hutazama mvua. Mvuvi hutazama upepo. Mwaka wake haugawanyiki mara nne bali mara mbili kubwa: kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, inayotawala kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Ncha za misimu hiyo nazo zina majina. Kusi inapolegea, Agosti hadi Oktoba, huitwa demani. Upepo unapokuwa hauna msimamo, leo huku kesho kule, ni maleleji. Wengine husema tanga mbili, kwa sababu chombo kinaweza kwenda upande wowote na chombo kingine kikarudi siku iyo hiyo, vyote vikiwa na upepo nyuma ya tanga.

Leo nataka tukae kwenye kipande kimoja tu cha mwaka huo: mwisho wa kaskazi, Februari na Machi. Huo ndio wakati joto la Pwani linapofika kileleni. Maji ya bahari, ambayo mwezi Agosti huwa na nyuzi 25 hivi za selsiasi, sasa hukaribia 29 au hata kupita. Upepo umepungua nguvu. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwororo unaotoka bara kuelekea baharini, na mchana huenda matlai ikavuma kutoka mashariki. Maji yametulia na kuwa maangavu kiasi kwamba ukiwa ndani ya mtumbwi unaona mwani chini na kivuli chako mwenyewe juu yake.

Kwa mvuvi mdogo, hizi ni siku za kuhesabu. Wakati wa kusi, mawimbi humfungia ndani ya mwamba, kwenye maji yaliyo kati ya ufuo na miamba ya matumbawe. Wakati wa kaskazi mlango uko wazi. Anaweza kutoka nje kutafuta nguru, kolekole na jodari, na bado akawa na malema yake ndani yanayomletea tafi, changu na pono. Lakini kaskazi inapoaga, lazima aamue lini atarudi ndani na lini atayatoa malema majini. Akiharakisha, amepoteza wiki za mwisho za neema. Akichelewa, kusi ya kwanza itamrushia malema kwenye miamba na kumrudishia fito tupu. Wanaokwenda dago, yaani wale wanaohama na upepo na kupiga kambi ufuo wa watu, wakiwemo Wapemba ambao kwa miaka mingi wamekuja kuvua upande wetu wakati wa kaskazi, nao huwa wanatazama mbingu wakipanga safari ya kurudi kwao.

Uamuzi kama huo unahitaji maneno. Na maneno hayo, ukiyachambua, yanasimulia historia ambayo hatuna hati ya kuisimulia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mvuvi, kuvua, uvuvi: hayo ni maneno ya Kibantu yasiyo na shaka. Mganda aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria, ambaye huenda hajawahi kuonja maji ya chumvi, humwita mvuvi omuvubi, na kuvua kwake ni okuvuba. Ndoana nayo? Mganda ana eddobo, na kuvua kwa ndoana ni okuloba. Mzizi ni mmoja. Kwa hiyo mababu wa Waswahili hawakujifunza kuvua walipofika Bahari ya Hindi. Walifika na ufundi wao kutoka mitoni na maziwani, pamoja na majina yake.

Orodha ya maneno ya aina hiyo ni ndefu: wavu, lema, mtumbwi, chambo, mkondo, wimbi. Kupwa na kujaa kwa maji ni vitenzi vyetu wenyewe. Na jina pwani? Ni kupwa pamoja na kiambishi cha mahali: pale maji yanapopwa. Eneo zima la nchi yetu, lenye magavana na wabunge, limepewa jina na mtu aliyesimama ufuoni akitazama maji yakirudi nyuma na kuuacha mwamba wazi, akajua ni saa ya kwenda kuchokoa pweza.

Sasa sogea nje ya mwamba. Bahari yenyewe ni neno la Kiarabu. Baharia pia. Nahodha na bandari ni ya Kiajemi. Jarife, wavu ule mkubwa, lina asili ya Kiarabu. Matlai linatoka katika neno la Kiarabu la mahali jua linapochomoza. Mabaharia wa Ghuba waliuita upepo wao wa kusini kaus, na anayesikia kaus kisha akasikia kusi hahitaji shahada ili kushuku kwamba maneno hayo yanajuana.

Unaona mpangilio? Kadiri ulivyo karibu na ufuo, msamiati ni wa nyumbani. Kadiri unavyokwenda kwenye maji makuu, kwenye vyombo vikubwa na kwenye hesabu ya upepo, maneno ya kukopa yanaongezeka. Sidai kwamba mstari huo umenyooka kama rula. Samaki, kwa mfano, ni neno la Kiarabu ambalo limeingia hadi kwenye kikaango. Lakini neno la zamani halikufa kabisa. Nswi bado limo katika kamusi na katika lahaja za kaskazini, na Mgusii anayesoma ukurasa huu atakuwa amelitambua mara moja, maana kwao samaki ni enswe. Mngazija yeye husema fi. Basi kuanzia vilima vya Kisii hadi visiwa vya Komoro jina la kale lingali hai, na aliyelipa mgeni nafasi yake ni Mswahili, aliyekuwa sokoni akiuza.

Waakiolojia nao, kwa njia yao ya kuchekecha mchanga, wamefika karibu na hapo hapo. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, mji ambao tabaka zake za chini ni za karne ya nane. Mifupa ya samaki ya tabaka za mapema ni hasa ya samaki wa miambani na mikokoni, yaani wa karibu. Uchunguzi wa mifupa kutoka maeneo mbalimbali ya Pwani umewafanya baadhi ya wasomi, katika makala iliyochapishwa 2015, kujenga hoja kwamba Waswahili hawakuwa watu wa bahari kuu tangu mwanzo. Walizidi kuwa hivyo baada ya mwaka 1000 hivi, na ndipo samaki wa maji ya mbali wanapoongezeka. Mimi si mwakiolojia. Lakini nikiyaweka maneno upande mmoja na mifupa upande wa pili, naona hadithi moja: uvuvi wa ndani ni mkongwe na ni wetu, bahari ya nje tuliiendea baadaye, pamoja na wageni, na tukakopa maneno njiani.

Maandishi machache ya kale hayapingi. Ule mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus, unataja kisiwa kiitwacho Menouthias. Wapo wanaodhani ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Unasema watu wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba walitega vikapu vilivyosukwa katika njia za maji miambani. Vikapu vilivyosukwa, vikategwa mlangoni mwa mwamba! Mvuvi wa Gazi au Shimoni akisomewa habari hiyo atajiuliza kwa nini Myunani alihangaika kuandika jambo linalojulikana na kila mtu. Karne nyingi baadaye, al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 akiwa Sisili kwa Mfalme Roger, aliwataja watu wa Malindi kuwa wavuvi waliokausha samaki na kuwauza. Al-Idrisi hakufika Malindi, alitegemea masimulizi ya wasafiri, lakini bidhaa aliyoitaja tunaijua kwa jina. Ni ng'onda. Na msimu wa kumwanika ng'onda si wa mvua.

Turudi kwenye hesabu ya siku, maana hapa ndipo penye utamu.

Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi. Ni nzuri kwa saumu na Idi, na ni nzuri pia kwa kujua bamvua na maji mafu, kwa kuwa maji makubwa huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Lakini haiwezi kumwambia mvuvi lini kaskazi itaisha, kwa sababu mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, na Ramadhani leo yaweza kuwa katika kaskazi na baada ya miaka kumi na sita ikawa katika kusi. Kalenda ya Wazungu ilikuwa bado haijafika. Basi Waswahili wakatumia mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Nairuzi ni neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mabaharia wa Kiarabu nao waliitumia hesabu hiyo kwa safari. Ahmad ibn Majid, katika kitabu chake cha ubaharia cha karne ya 15, hutaja tarehe za kung'oa nanga kwa idadi ya siku tangu Nairuzi.

Kuanzia siku hiyo, siku zilihesabiwa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo 36 na siku tano za nyongeza, mwaka umetimia. Swali la kawaida halikuwa leo ni tarehe ngapi bali huu ni mwongo wa ngapi. (Siku hizi tunalitumia neno mwongo kwa miaka kumi, na wanahabari wetu hulitumia hivyo kila siku. Hakuna ubaya. Ila lilianza na siku.)

Kuna jambo moja kuhusu kalenda hii ambalo halisemwi vya kutosha. Haikuwa na mwaka mrefu, ule wa siku 366. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja ukiilinganisha na jua, na katika karne moja hurudi siku 24 au 25. Katikati ya karne ya 19, miaka ambayo mmishonari Krapf, aliyefika Mombasa 1844, alikuwa akikusanya maneno ya kamusi yake, Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa mwezi Julai.

Fanya hesabu nami. Ukianza mwishoni mwa Agosti, katikati ya Machi ni siku ya 200 hivi: miongo ishirini imetimia. Ukianza katikati ya Julai au baada yake kidogo, siku ile ile ya Machi, jua lile lile, upepo ule ule, ni siku ya 240. Miongo ishirini na minne. Babu wa babu akisema toa malema yako miongo ishirini ikitimia, na mjukuu akafuata neno hilo kama lilivyo, atayatoa mapema mwezi Februari, bahari ikiwa shwari kabisa, na kuwaachia wenzake samaki.

Je, wavuvi walilijua hilo? Bila shaka walilijua, maana wasingekula. Nilipowauliza wazee kadhaa upande wa Vanga, walinijibu kwa subira, kama mtu anavyomjibu mwalimu aliyetoka mbali, kwamba hesabu humwambia mtu aanze kutazama, haimwambii alichokiona. Kinachoamua ni matlai inapoanza kukatika, mawingu yanapojikusanya kusini, maji yanapobadilika rangi. Nadhani jibu hilo ni la kisayansi kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma kuhusu kalenda za Waafrika, ambavyo huzichukulia kama saa iliyotundikwa ukutani.

Kinachonisumbua ni kilichotokea msamiati huu ulipoingia shuleni, au tuseme ulipokosa kuingia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa 1930 ikaanza kusanifisha. Si nia yangu kufufua ugomvi wa Kimvita na Kiunguja. Umekwisha kutumaliza wino. Isitoshe, watunga kamusi wa wakati ule waliithamini bahari. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaieleza miongo, na ile ya Padri Sacleux, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka huo huo, ina utajiri wa majina ya samaki na lahaja zake ambao mpaka leo hatujaufikia. Samaki tunayemwita tafi upande wa Kenya ni tasi Unguja, na kamusi nzuri ina nafasi ya wote wawili.

Tatizo lilikuja baadaye, na ni letu. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, vitabu vilihitajika upesi, tena kwa wingi, na vingi viliandikwa na watu wa bara kwa ajili ya watoto wa bara. Methali zikapona kwa sababu mtihani unazipenda. Kila mtahiniwa ataandika kwamba hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Muulize mkizi ni nani. Wachache sana watakuambia ni samaki wa maji ya karibu anayeruka hewani akishtushwa, na kwamba methali hiyo haina fumbo lolote kwa mtu aliyewahi kumwona akijitupa mwenyewe ndani ya mtumbwi. Mwanafunzi amepewa ganda, nyama imebaki Kipini.

Ndiyo maana mfasiri wetu wa leo akipewa maandishi ya Kiingereza kuhusu kuvua karibu na ufuo mwishoni mwa msimu wa joto, huandika mwishoni mwa kiangazi, bahari isiyo na kina, samaki wa maji ya chumvi. Ni sahihi, na mwalimu atampa alama zote. Lakini hajasema maneno ambayo mvuvi angeyatamka: kaskazi inaaga, tunavua ndani.

Wapo wenzangu katika idara za isimu wanaosema acha maneno yafe, lugha ni soko, lisilonunuliwa liondolewe mezani. Nawasikia. Hata hivyo wanasahau kwamba mnunuzi wa maneno haya yupo, naye si mtalii wala mtahini. Idara yetu ya utabiri wa hali ya hewa hutoa maonyo ya upepo mkali na mawimbi kwa wakazi wa Pwani. Onyo likimwambia mtu kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, atabaki akijiuliza kama huo ni upepo wa kupita au ndio kusi imeingia. Swali hilo la pili ndilo linaloamua kama malema yatalala majini usiku huo.

Na kaskazi yenyewe sasa ina habari ambayo miongo haikuijua. Mwaka 1998, ule wa El Nino, joto la mwisho wa kaskazi lilizidi mipaka. Kati ya Machi na Mei matumbawe ya Pwani yetu yaligeuka meupe, na sehemu kubwa ikafa, hata ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968. Wanasayansi waliotaka kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili wamesema kupauka kwa matumbawe. Ni neno zuri, la kila siku. Kanga iliyofuliwa mara nyingi hupauka, na ngozi isiyopakwa mafuta hupauka. Nililitamka mbele ya wavuvi kule Shimoni na hakuna aliyeniuliza maana yake. Waliniuliza tu kama mwaka huu yatapauka tena, na iwapo yatapauka, litakuwa katika mwongo wa ngapi.